Barua ya Kidoti Usiisahihishe

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko, na za hiyo baridi uliyosema inakuingia mpaka kwenye meno? Natumaini u mzima, na mgongo wa wifi yangu umepoa. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, lakini nikishakaa kwenye cherehani linanyamaza. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwanao Kidoti atakuja kwangu likizo ya mwezi wa nane, wiki sita, peke yake. Nilifurahi mpaka nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Halafu woga ukaniingia. Unakumbuka mara ya mwisho ulipompa mwanao simu aongee nami? Alisema sentensi ndefu, sauti ikapanda mwishoni, nikajua ni swali. Nikajibu "yes". Akakurudishia simu. Hadi leo sijui mtoto wa ndugu yangu aliniuliza nini.

Kwa hiyo usinicheke, nimeanza kwenda darasani kujifunza Kiingereza. Ni Jumanne na Alhamisi, nikishafunga kazi, kwenye chumba kilicho nyuma ya kinyozi. Mwalimu wetu ni binti aliyekuwa mpokea simu wa hoteli. Ni mpole, ila kalamu yake nyekundu haina huruma. Tuko saba, na mimi ndiye mwenye miwani minene kuliko wote.

Maneno yenyewe hayanisumbui, nayameza tu. Kinachonitoa jasho ni vidude viwili, "a" na "the". Ni vidogo kama vifungo vya shati la mtoto, na vinataka kukaa mbele ya karibu kila kitu.

Mwalimu alieleza hivi: kitu ambacho msikilizaji wako bado hakijui, weka "a", mkishakijua nyote wawili, weka "the". Nilishinda na jambo hilo kutwa nzima, nikipiga pasi huku nalifikiria. Ina maana mtu hawezi kusema ameona mbwa mpaka ajiulize kwanza kama mimi namjua huyo mbwa? Sisi tunasema "yule mbwa" tukipenda, na tukiacha hakuna anayetudai. Wao hawana ruhusa ya kuacha. Hebu muulize Kidoti: anaifanya kazi yote hiyo kichwani kila akifungua mdomo, au inajiendea yenyewe? Nataka kujua kwelikweli.

Na jua je? Mbona lina "the" hata ukilitaja mara ya kwanza? Mwalimu akasema ni kwa sababu ni moja na kila mtu analijua. Nikamuuliza, mama yangu naye si mmoja? Akajibu kwamba huyo ana "my" yake, inamtosha. Nikaona wana utaratibu wao, ila hawakuubandika mlangoni.

Dereva wa lori ninayekaa naye dawati moja ana dawa yake. Anaweka "the" kila mahali. "Ni kama honi kwenye kona, dada," aliniambia. "Bora uipige bure kuliko uiache."

Kosa langu mimi lilikuwa la kifundi. Nilimwandikia Kidoti ukurasa mzima kuhusu chumba atakacholala, dirisha linalotazama paa la duka la mikate, na kabati nililolitoa vitambaa ili aweke nguo zake. Nilipomaliza nikaukagua kama ninavyokagua gauni kabla mteja hajaja: kinachoning'inia nakata, na kinachotoka bila mshono kufumuka nakitoa. Vidude vyote vikatoka, na maana nikaona imesimama vilevile. Nikampelekea mwalimu kifua mbele. Alipourudisha nilihesabu alama nyekundu thelathini na moja.

Kwa huruma yake akaniandikia ukurasa mwingine, safi, ninakili tu. Ni mzuri, sikatai. Lakini nilipousoma sikujiona ndani yake. Ulikuwa nguo ya dukani, inayomkaa yeyote. Nimeuweka kando, nikaandika upya mwenyewe. Vidude vingine nimevipatia, vingine nimebahatisha.

Sasa nikwambie la moyoni. Nilikununia, sitaficha. Mtoto ana miaka minane, na hawezi kunisalimia kwa lugha tuliyolelewa nayo. Najua unarudi kazini umechoka, na najua wifi ana lugha yake, hivyo Kiingereza ndicho kinachowakutanisha nyumbani. Lakini mimi dada yako nina miaka hamsini na nne, na nakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamekaribia kidevu, ili nimwelewe mwanao. Wewe mpe robo saa tu ya Kiswahili kwa siku.

Msalimie sana wifi. Msalimie na binamu yetu fundi bomba, mwambie suruali yake iko tayari tangu mwaka juzi. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Barua ya Kidoti imo humu ndani ya bahasha. Usiisahihishe wala usimsomee, mpe mwenyewe mkononi. Kuna mahali atakwama, hilo nakuhakikishia. Akija kukuuliza shangazi alitaka kusema nini, mjibu kwa Kiswahili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna.