Paipu ya Babu Laban

Norah, ile paipu tunayoanikia nguo kwa babu! Nyanya ameniambia sasa hivi ilitoka wapi. Siamini!

Mwaka wa 64, huko Tororo, babu Laban alikuwa anamchumbia nyanya. Baba ya nyanya akamwambia, "Wekea mashine yangu ya unga stima kwanza, mahari tutaongea."

Waya tatu nene, na ya nne ya usalama, ya kushuka ardhini. Na paipu ya kuzipitishia ukutani, nyembamba! Mzee akauliza, "Zitatoshea humo kweli?" Babu akajibu, "Zitaingia tu."

ZITAINGIA TU!

Akazipaka samli. Zikakwama katikati. Akazifunga kwa ng'ombe wa kulima, wavute.

Norah, NG'OMBE! Paipu ikang'oka na ukuta mzima.

Mzee akatazama, kisha akasema, "Msichana nimekupa. Lakini na hiyo paipu uende nayo."

Nimetoka kuchungulia. Waya bado ziko ndani, zote nne.