Miadi ya Jana

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na wapwa zangu. Sisi huku hatujambo kwa jumla. Wifi yako mguu umepona, sasa anapanda ngazi bila kulalamika, na hilo peke yake limeleta utulivu mkubwa nyumbani. Kitinda mimba wetu ameng'oka meno ya mbele na anajivunia pengo lake kama mtu aliyelinunua dukani. Habari za kazini kwako je? Yule bosi wenu mpya bado anafunga madirisha hata siku za joto, au mmeshamzoesha hewa?

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Lakini Dada, tulipozungumza mara ya mwisho hukuniacha nimalize sentensi hata moja. Ulisikia kwa baba mdogo kwamba nimefunga karakana ya Baba, ukapiga simu ukiwa umewaka moto, ukasema Baba angefufuka leo angekufa tena palepale. Kisha ukakata. Sikukasirika. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa zamu, una haki ya kunifokea. Ila barua huwezi kuikata katikati, labda uichane, na ninakujua, huwezi kuichana kabla hujaisoma.

Basi habari kubwa ni kwamba nimerudi shule. Cheka kwanza, nakusubiri. Wifi yako aliona tangazo kwenye ubao wa maktaba, kozi ya kupima programu za kompyuta, na mtu mzima anaruhusiwa. Usidhani nimekuwa mtaalamu wa kutengeneza mitambo. Kazi yenyewe ni hii: mwenzako ameunda programu, na kabla haijapelekwa kwa watu, wewe unaitumia, unaichokoza, unaisumbua kila upande, uone inapovunjika, ili isije ikavunjikia mikononi mwa mwenyewe.

Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza, nilijikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitupimisha viti? Kiti kikikauka gundi, alikuwa anatuita kutoka uani. Wewe ulikuwa wa kwanza siku zote kwa sababu ulikuwa mzito, usinune, ni kweli. Alikuwa anatuambia tukae kama mgeni, tukae kama mlevi, tukae kama bibi aliyekasirishwa na wakwe. Nawe ulikuwa unajibwaga hadi maranda yanaruka sakafuni. Siku ile stuli ya mwalimu mkuu ilipopasuka chini yako ukaanza kulia, Baba alicheka mpaka akakaa chini, akakupa pole na kukwambia umeokoa mgongo wa mtu mwenye cheo. Harufu ile ya gundi ya moto na mbao mbichi, Dada, huwa inanijia hadi leo ghafla tu, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta isiyonuka chochote.

Tunasomea kwenye chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Feni inalia kila inapozunguka, na meza ni za mbao za kubandika, zimevimba pembe kwa maji. Yangu ilikuwa inayumba; siku ya kwanza niliingia chini nikakaza skrubu kwa sarafu, na tangu hapo vijana wananiita Mzee wa Mbao. Mwalimu wetu ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya chini, hapazi sauti hata ukimwagia chai kompyuta yake. Naye tumempa jina, Ulitarajia Nini, maana ndilo swali lake asubuhi hadi jioni.

Alitupa mradi wa mazoezi. Tupime mfumo wa kupanga miadi ya wagonjwa kwenye kliniki. Kliniki yenyewe haipo, wagonjwa wenyewe tuliwabuni, lakini mfumo ulikuwa wa kweli kwa maana kwamba uliundwa na kijana wa darasa la juu, fundi wa programu hasa, ambaye havui kofia hata akiwa ndani. Tunamwita Kofia. Ni mwepesi wa akili, na mwepesi wa hasira pia.

Siku za mwanzo niliaibika. Nilibonya hapa na pale bila mpango, kitu kikagoma, nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba mfumo haufanyi kazi. Mwalimu akanirudishia. Akaniuliza nilifanya nini, nilitarajia nini, na nilipata nini badala yake. Akasema kwa upole wake kwamba ripoti ya namna ile ni sawa na kumwambia daktari unaumwa, halafu ukaondoka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenywea. Lakini usiku ule nilipojilaza nilimkumbuka Baba na yule mteja aliyerudisha kitanda akisema ni kibovu. Baba hakubisha. Alimwomba amwonyeshe anavyopanda, anavyoshuka, anavyogeuka, na mteja mzima akajilaza pale karakanani mbele ya watu, na viatu vyake. Kumbe alikuwa anakanyaga ubao wa pembeni kila asubuhi.

Kuanzia hapo nikafuata utaratibu. Kwanza unasoma mfumo umeahidi kufanya nini. Kisha unaandika kila jaribio kabla hujaligusa: nitajaza hivi, inapaswa itokee hivi. Ndipo unajaribu. Na mimi, Dada, nikaanza kuwabuni wagonjwa wangu kama Baba alivyobuni wakaaji wake. Nikawa mama mwenye haraka anayebonya mara mbili. Nikawa mzee anayekosea tarehe. Huyo mzee ndiye aliyenipa sifa, kwa sababu aliomba miadi ya jana, na mfumo ukampa! Ukamwandikia kabisa kwamba amekaribishwa, afike mapema. Darasa lilivunjika mbavu. Hata Mwalimu aliinama kuficha uso. Kijana mmoja akauliza kama zinabaki nafasi za mwaka juzi, ana jambo lake angependa kulirekebisha.

Mimi nilicheka nao, lakini njiani kurudi nilikuwa nafikiria ningeipeleka wapi miadi hiyo kama ingekuwa kweli. Ningeiomba ya Jumamosi yoyote tu. Baba yuko na penseli sikioni, Mama amerudi zamu amevua viatu anakanda nyayo, wewe unasuka nywele mlangoni na mimi nakusumbua. Hakukuwa na jambo lolote siku zile. Ndiyo maana hatukuzitazama vizuri.

Kofia alirekebisha tarehe kwa shingo upande. Mwalimu akatufundisha kwamba fundi akishaziba pale, mpimaji hasemi asante akaenda zake. Anarudia jaribio lile, kisha anapima na vile vilivyokuwa vizima, maana mkono uliotengeneza huku huenda umetegua kule. Kweli tukakuta kwamba sasa mfumo unakataa watoto waliozaliwa mwaka huu. Kofia alishika kichwa, kofia yake ikaanguka kwa mara ya kwanza.

Nimefika sasa mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua.

Wiki ya mwisho ya mradi tulipewa ukurasa mpya, wa kuthibitisha miadi. Nikajaza kila kitu nikatafuta kitufe cha kuthibitisha. Sikukiona. Nikapitia ukurasa mara kadhaa, nikaandika ripoti kama nilivyofundishwa: nimejaza, nilitarajia kitufe, hakuna kitufe. Kofia aliposoma alikuja mezani kwangu amefura.

"Mzee, kitufe kipo!"

"Kiko wapi?"

"Si hicho hapo! Unakitazama!"

Alikuwa ameweka kidole kwenye skrini, pembeni kabisa kulia. Nikageuza kichwa, siyo macho, kichwa, na hapo ndipo kikajitokeza, kitufe cha kijivu hafifu juu ya weupe. Kofia akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kama ninafanya mzaha. Nikamwambia hapana, mwanangu. Macho yangu hayaoni pembeni tena.

Dada, nina presha ya macho. Daktari aliniambia mwaka jana, kabla sijafunga karakana. Haiumi, ndiyo hila yake. Inaanza kula pembezoni polepole, na wewe unadhani ni uchovu. Sasa naona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki, na naitia kila siku bila kukosa, wifi yako ananisimamia kama askari.

Sikufunga karakana kwa kuidharau. Niligeuka siku moja na ubao begani nikampiga mteja kifuani, mama wa watu, naye alikuwa amesimama kando yangu akiongea nami. Alianguka. Alinisamehe, akasema ni ajali, lakini mimi nilijua. Msumeno wa umeme usingenisamehe, wala usingemsamehe yeyote ambaye angesimama karibu nao. Nikafagia, nikapaka vyuma mafuta, nikafunga mlango. Sijauza kitu hata kimoja. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa unaongea habari za Baba, na kama ningetamka neno macho ningelia, nawe usingejua la kufanya huko mbali. Kinachoniuma ni kwamba darasa la wageni limejua kabla yako.

Mwalimu siku ile hakunipa pole. Alisema niandike ripoti upya, nieleze kitufe hakionekani kwa nani na kwa nini, kwa sababu wanaokwenda kliniki ni wagonjwa, na baadhi yao ni wagonjwa wa macho. Kofia akavuta kiti akakaa karibu nami mchana wote. Akikoleza rangi anauliza, akisogeza anauliza, hadi nikakiona bila kugeuza shingo. Alipoondoka aliniachia kopo la juisi mezani. Wiki iliyofuata Mwalimu aliniita ofisini, akaniambia kuna watu wanaounda mifumo ya hospitali za kweli wanaotafuta wapimaji, na kwamba amelitaja jina langu. Naanza mwezi ujao, kwa majaribio. Kwenye kompyuta herufi naweza kuzikuza niwezavyo, mbao hazikuzwi.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilipokwenda kupimwa tena, daktari aliniuliza kuhusu wazazi. Nikamweleza jinsi Baba miaka yake ya mwisho alivyokuwa anagonga bega mlangoni, anamwaga kikombe alichowekewa kando, na sisi tukasema uzee, tukamtania. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema maradhi haya hupita kwenye damu, na kama nina ndugu wa tumbo moja aende akapimwe upesi, hata kama anaona vizuri, hasa kama anaona vizuri, kwa sababu mapema ndipo matone yanaokoa jicho zima. Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja tu.

Kwa hiyo nakusihi, Dada. Usinijibu kwanza. Usipige simu kunipa pole, usimfokee mtu. Nenda hospitali ya macho wewe, na wapwa zangu uwapeleke, waambie wakupime presha na upana wa kuona. Ukitoka huko ndipo unifokee upendavyo, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Likizo yako ikifika njoo, nitakupeleka karakanani, ufunguo ninao. Msalimie sana shemeji, mwambie nimemkumbuka kwa utani wake. Wabusu wapwa zangu. Wifi yako na watoto wanakusalimu, na baba mdogo pia, ambaye anaomba radhi kwa kukupa habari nusu.

Nitakuja kukupokea kituoni mwenyewe. Ukishuka kwenye basi usisimame ukisubiri nikuone. Niite, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiniitia chakula nikiwa nacheza mbali. Nitageuka.

Mdogo wako anayekupenda,
Mzee wa Mbao