Uso Chini ya Kofia

Burbank, 11 Februari 2014

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini nyonga imetulia na hujapanda ngazi tena kukagua paa, maana nakujua. Nyumbu wetu, Askofu na Seneta, hawajambo? Wape karoti, uwaambie zimetoka kwangu. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo kazi hii inayala polepole.

Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu unasema "nini?" mara nne halafu unakata, na hili si jambo la kukatiwa.

Kazi yetu unaijua. Tunachukua filamu za zamani zilizochakaa, tunazisafisha picha moja baada ya nyingine, kisha tunatoa diski za wakusanyaji, wale watu wenye makabati ya sinema nyumbani ambao wakikuta mkwaruzo mmoja hawapati usingizi. Wiki iliyopita tumeletewa "Binti wa Korongo Kavu". Ndiyo, hiyo hiyo. Na si nakala iliyozungushwa kwenye kumbi hadi ikachoka. Ni filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera mwaka 1953, imelala ndani ya kopo miaka yote hii.

Nikafika pale Verna Lisle anaporuka korongo na farasi. Yaani pale unaporuka wewe badala yake. Kwenye nakala zote nilizowahi kuona, mpandaji ni kofia na vumbi tu. Humu, farasi akiwa hewani, upepo unainua ukingo wa kofia, na chini yake kuna uso uliokaa wazi hata kope zinaonekana. Si wa Verna Lisle. Ni wako, una miaka ishirini na miwili.

Bibi, nililia mbele ya watu. Mama alikwenda kaburini akiamini hadithi zako za farasi umezitia chumvi, kwa sababu jina lako halimo popote na sura yako haimo popote. Sasa imo. Siruhusiwi kutoa picha nje ya jengo mpaka diski itoke, lakini nimeiona kwa macho yangu.

Mjukuu wako,
Wendell


Lone Pine, 19 Februari 2014

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nyonga inanisumbua asubuhi, ikifika mchana inasahau. Nyumbu wako hawajambo, ila Seneta amemng'ata mtu wa posta, kwa hiyo barua hii naipeleka mjini mwenyewe. Natumaini wewe na macho yako mnaendelea kuelewana.

Sasa nisikilize. Nani mwingine ameuona huo uso? Ufute.

Unashangilia nini, mtoto wewe? Mimi nilikuwa mgongo wa Verna Lisle. Miaka kumi na mmoja nimekuwa migongo ya wanawake wazuri kuliko mimi, nikianguka kwa niaba yao, nikilowa kwa niaba yao. Ukionekana uso, umeharibu. Kulikuwa na msichana mmoja ilionekana pua tu, pua peke yake, na hakuitwa tena. Mimi hawakuniona hata siku moja. Hicho ndicho nilichonacho mimi badala ya jina kwenye pazia. Leo mjukuu niliyemfundisha kufunga tandiko ananiletea habari kwamba nilionekana, na anataka wenye makabati wote wanione!

Mambo yangu na mama yako yalikuwa yetu. Usiyaingize kwenye mashine.

Kofia ile ilikuwa na ukingo mpana. Chora kivuli, funika, maliza. Si ndiyo kazi yenu, kuchorachora?

Na ule. Barua yako ina sauti ya mtu anayeshindia kahawa.

Bibi yako,
Hettie


Burbank, 2 Machi 2014

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nimekula, usijali: maharage na mkate wa mahindi, kama ulivyonifundisha, japo yangu yaliungua. Nyonga je? Umemwomba radhi mtu wa posta?

Kuhusu uso: hapa tumegombana. Bosi wangu, Arvid Lund, ana sheria yake moja, kwamba sisi tunarudisha kile watazamaji walichokiona siku ile, basi.

Akaniuliza, "Mwaka hamsini na tatu nani aliuona huo uso?"

"Hakuna."

"Basi kivuli si uongo. Kivuli ndicho walichokiona."

"Lakini kwenye filamu hakimo, Arvid. Tutakuwa tumekitia sisi."

"Wewe unamtetea bibi yako au filamu?"

"Vyote viwili."

"Na mwenyewe anasemaje?"

Nikageukia kioo changu. Akacheka, akasema basi niamue mimi, kwa kuwa uso ni wa ukoo wangu, ila kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi sichori, Bibi. Nisamehe, lakini sichori. Unasema kutoonekana ndiyo heshima ya kazi. Mimi nasema imekuwa tabia. Hata kwenye mazishi ya Mama ulikaa kiti cha nyuma kabisa na kofia imekufunika mpaka puani, watu wakaniuliza yule mama ni nani. Mwanao mwenyewe! Umejificha vya kutosha.

Mjukuu wako,
Wendell


Burbank, 28 Machi 2014

Bibi,

Shikamoo. Sijui hali yako, kwa kuwa hujaniandikia, na simu inaita tu. Jirani yako anasema umesafiri na nyumbu anawalisha yeye. Angalau najua u mzima.

Yale ya mazishi sikupaswa kuyasema. Nilikuwa na hasira, na hasira hasara. Uso ni wako, si wangu, wala si wa Mama, na kama hutaki uonekane, mimi ni nani?

Nimechora kivuli. Imenichukua siku mbili, picha moja baada ya nyingine, nikikufunika mwenyewe kwa mkono wangu. Sasa ni kofia na vumbi, kama zamani. Jumatatu kazi yote inakwenda kiwandani kupigwa diski.

Nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mjukuu wako,
Wendell


Kanab, Utah, 29 Machi 2014

Mume wangu,

Salamu kutoka kwa Maxine Teague. Ndiyo, bado yu hai. Ndiye pekee aliyebaki katika wale tuliokuwa tukianguka kwa mshahara, na ni kiziwi kuliko mimi, kwa hiyo jirani zake wamepata mateso. Mimi sijambo. Natumaini nawe hujambo na hujaniandika kwenye orodha ya maadui.

Barua yako ilinichoma. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikapanda basi. Sikuja kutembea, nilikuja kushtaki. Nilimsomea Maxine barua zako zote mbili, nikangoja anitetee, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kushusha kidevu kabla farasi hajaruka.

Akaniambia, "Hettie, mwongozaji yuko wapi?"

"Amekufa."

"Verna?"

"Amekufa."

"Farasi?"

"Maxine, farasi gani anaishi miaka sitini?"

"Sasa nani atakufukuza kazi?"

Akacheka mpaka meno yakamtoka, tukayatafuta chini ya meza. Nilimkasirikia siku nne nzima. Nilimwambia hana aibu, akanijibu kwamba aibu nayo hustaafu. Halafu juzi, tunaosha vyombo, akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo viziwi hatuna: "Hutaki hata kujua ulikuwa na sura gani pale juu?"

Ninataka, Wendell. Nakwambia wazi, kwa kuwa nimechoka kuzunguka. Ninataka sana.

Na la mazishi ulisema kweli. Sikukaa nyuma kwa kujificha tu. Sikujua kama nina haki ya kukaa mbele. Tutaliongea uso kwa uso.

Uache. Usichore kitu. Waache wanione.

Bibi yako,
Hettie


Burbank, 7 Aprili 2014

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na unisalimie Bibi Maxine. Mimi sijambo kwa mwili.

Barua yako imenikuta nimechelewa. Utakaporudi nyumbani utaikuta yangu, nilikuandikia siku moja kabla yako. Nilikutii. Kivuli nilikichora, na Jumatatu ile kazi ikaenda kiwandani. Nilimkimbilia Lund na barua yako mkononi. Akaisoma yote, akavua miwani, akasema, "Laiti ingefika kabla ya Jumatatu ile." Mashine zimeshaanza. Haziwezi kusimamishwa kwa ajili ya sekunde moja ya sinema, na kwa kweli kivuli hakivunji sheria yake.

Picha ya asili haijapotea, imehifadhiwa. Lakini kitakachokwenda majumbani kwa watu ni kofia.

Sijui niseme nini. Mara ya kwanza maishani nimekutii bila ubishi, na tazama.

Mjukuu wako,
Wendell


Lone Pine, 14 Aprili 2014

Mume wangu,

Marahaba. Nimerudi salama. Askofu amenenepa, Seneta amemng'ata jirani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Usijilaumu. Nilikuamuru, ukafanya, mimi ningekuwa na mjukuu mkaidi zaidi kidogo, tungekuwa tunacheka sasa. Jana nilikwenda kulitazama korongo, nikasimama ukingoni pale nilipokuwa nikianzia mbio. Ni dogo kuliko nilivyokuwa nikisimulia. Ila si dogo sana.

Nina huzuni, sitakuficha. Jambo ambalo miaka yote sikulitaka, nimelitaka kwa wiki moja, na limenipita. Itaisha.

Njoo wakati wa aprikoti, tupike jamu.

Bibi yako,
Hettie


Burbank, 20 Julai 2014

Bibi!

Shikamoo! Nyonga? Nyumbu? Jamu ya mwezi uliopita nimeimaliza kwa kijiko, bila mkate. Sasa kaa chini kabla hujaendelea.

Diski imetoka wiki tatu zilizopita. Siku ya pili tu, mkusanyaji mmoja wa Duluth, daktari wa meno mstaafu, akaandika kwenye ukumbi wao wa mtandaoni ambako hugombana usiku na mchana. Alikuwa ametazama ule mruko polepole, pua kwenye kioo. Akasema: vivuli vya miamba yote vinaanguka kulia, kivuli cha farasi kinaanguka kulia, lakini kivuli cha kofia kinaanguka kushoto. Je, huyu Verna Lisle alikuwa na jua lake binafsi?

Wakawaka moto. Wewe hujui watu hawa, Bibi. Wanaweza kusamehe filamu mbaya, hawasamehi filamu iliyoguswa. Mmoja akapima pembe ya jua kwa rula. Mwingine akasema tumeficha waya uliomshikilia farasi. Mwingine, kiraka cha filamu iliyokatika. Mwanamke mmoja wa Tulsa akasema: "Wamemficha mtu." Baada ya hapo kila aliyeandika aliuliza, ni nani?

Lund alikuja mezani kwangu mwekundu kama nyanya.

"Wendell, umekulia wapi?"

"Lone Pine."

"Filamu ilipigwa wapi?"

"Lone Pine."

"Na hujui jua la kwenu linatokea upande gani?"

Naapa sikufanya makusudi. Nilikuwa nalia nikichora, ndiyo maana.

Bibi, wamekubali. Tunapiga diski upya, bila kivuli, na kila aliyenunua atatumiwa mpya bure. Hivyo ndivyo desturi ya biashara hii inavyotaka ukikosea mbele ya wakusanyaji, na Lund ameshasaini kwa uchungu. Uso utakuwa wazi.

Kimebaki kitu kimoja, na safari hii siamui mimi. Wanataka jina, liandikwe kwenye karatasi ya ndani ya kasha. Ukisema hapana, ni hapana, na sitakuuliza tena.

Mjukuu wako asiyejua mashariki,
Wendell


Lone Pine, 28 Julai 2014

Wendell,

Hester Louise Pruitt. Louise iandikwe kwa ukamilifu, ni jina la mama yangu.

Jua linatoka mashariki, upande wa jangwa la Bonde la Mauti, mpumbavu wewe. Nakupenda.

Bibi yako


Lone Pine, 9 Oktoba 2014

Mume wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hizi ni za watu wawili, kwa sababu Maxine yuko hapa na hataki kuondoka. Tu wazima. Seneta amempenda, hajamng'ata hata mara moja, jambo linaloniudhi. Wewe je? Lala mapema.

Diski mpya ilifika Jumanne. Sina mashine, kwa hiyo tulikwenda kwenye mkahawa wa Darlene, akafunga mlango na kuzima redio, na watu waliokuwa wakila wakaambiwa wakae au watoke. Wakakaa.

Mtu hawezi kujiona akiwa hewani, Wendell. Unaona masikio ya farasi, unaona ng'ambo, basi. Miaka yote nimeamini kwamba pale juu nilikuwa nimekunja uso na kuuma meno, kwa sababu ndivyo nilivyojisikia tumboni. Kumbe nilikuwa nacheka! Mdomo wazi, kama mtoto kwenye bembea. Na ni mdomo wa mama yako. Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka alipokuwa mdogo, kabla sijaanza kumwacha kwa watu na kwenda kazini. Sikujua kwamba alikitoa kwangu kicheko kile. Nililia, Maxine akalia, Darlene akalia na hajui hata tunalia nini.

Nilitamani awepo. Najua nawe unatamani. Njoo Sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao, tuliongee hilo, mimi na wewe, nami nitaongea, sitakaa nyuma.

Lakini nina ombi moja. Darlene ana kile kidude cha kusimamishia picha. Kila uso unapofika, anabonya, watu wanapiga makofi, wananitazama, wanatazama ukutani, wananitazama tena. Wametufanyia hivyo mara tano. Wote wananiacha nimening'inia juu ya lile shimo, na hakuna anayekumbuka kwamba chini yangu kulikuwa na farasi mwenye uzito wake, na ng'ambo kulikuwa na ardhi, na tuliifikia.

Ukija, tutatazama wawili tu. Usibonye kitu. Acha tutue.

Bibi yako,
Hettie