Vipimo vya Awali: Hakuna

Jumatatu, 5 Mei
Wagonjwa kumi na tisa leo. Kila anayetoka kwenye mashine ya CT naandika jina lake na kiasi cha mionzi alichopata. Tumeagizwa tuingize na majalada ya zamani, jumla ya kila mtu ijulikane. Picha zikizidi, dawa inageuka sumu, husema Bi Rukia, mkuu wetu.
Siku ishirini na mbili mke wa Suleiman! Asubuhi kaniletea chai kitandani, na asumini juu ya kisahani. Moyo umejaa mpaka nacheka peke yangu. Bi Rukia kanitania: "Bibi harusi, umeandika mionzi kwenye safu ya umri. Mgonjwa huyu ana miaka mia nne?"

Jumatano, 7 Mei
Jalada la Suleiman Haji Makame, Jang'ombe. Namba yake ya simu. Tarehe yake ya kuzaliwa. CT tano. Ya mwisho wiki mbili kabla ya nikaha yetu, mimi nikiwa likizo ya harusi. Sababu: kufuatilia saratani ya tezi za limfu.
Nimejumlisha mionzi yake. Nimekosea. Nimejumlisha tena.

Alhamisi, 8 Mei
Wakati wa posa baba aliuliza afya ya kijana. Mama yake alijibu: "Bukheri wa afya, hata mafua hayamjui." Wifi zangu walikuwepo. Wakaitikia. Walinivisha dhahabu huku wanajua. Nawachukia.
Ninachosoma kazini hakitoki nje. Kwa hiyo nimemuuliza kama mke tu: "Mume wangu, huumwi popote?"
"Naumwa na wewe," kasema, akacheka.
Juzi ningeyeyuka.

Jumamosi, 10 Mei
Kufua. Mfukoni mwa suruali yake, karatasi ya hospitali moja ndogo ya Mbweni. CT ya kifua na tumbo, Jumatatu. Vipimo vya awali: hakuna.
Hakuna! Anakwenda wasikomjua ili nisimuone hospitalini kwetu. Hawatakuwa na picha ya kulinganisha, watampiga picha upya kama mtu mpya. Mwili wake unalipia uongo nilioambiwa mimi.
Hii sikuisoma kazini. Nimemwekea karatasi kwenye sahani, chakula sikupakua.
"Nani kakwambia?"
"Suruali yako."
Kaanza kulia. Anasema kapona, anafuatiliwa tu. Alihofia baba asingemuoza. Pengine kweli. Lakini mimi ningemtaka hivyo hivyo, na ugonjwa wake. Hilo ndilo waliloniibia: kumchagua huku najua.

Jumapili, 11 Mei
Nimemwambia jambo moja tu: kesho tunakwenda wote.

Jumatatu, 12 Mei
Mbweni. Daktari kamuuliza kama amewahi kupigwa CT. Jumla niliijua kwa kichwa. Nimemwachia yeye. Ilikuwa ni zamu yake.
"Tano," kasema Suleiman.
Daktari kaiweka kalamu chini. CT kaifuta. Picha za zamani ziletwe kwanza. Leo damu na ultrasaundi, basi.
Tulipotoka kanishika mkono. Sikuuondoa. Wala sikuukaza.