Walinyoa Baluku Ingine

Masika mutoto yangu, huko Bwera mulilala salama? Kampala iko baridi na chai yao haina tangawizi.

Juzi madaktari wa hospitali walipanga kutibu ule mushipa ya damu yenye iliharibika mu uti wa mugongo, ikaua miguu yangu. Nesi akaniita, "Baluku!" Hajui kama kwetu kila mwanaume wa pili kuzaliwa ni Baluku. Jirani yangu wa kitanda, Baluku wa Kisinga mwenye alivunjika mukono, akasimama akamufuata. Wakamunyoa kinena. Akakubali tu, eti alifikiri dawa ya mukono inaanzia huko!

Daktari alipomuona amesimama, akashtuka. "Mzee, si miguu yako ilikufa? Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu, daktari."

Ndipo wakakuja kunibeba. Walipitisha mupira mwembamba kwa kinena, ikapanda mpaka mugongo, wakaziba mushipa na gundi. Wamesoma sana hawa, lakini jina ya pili hawakuuliza.

Leo asubuhi kidole kubwa ya mguu wa kushoto ilisogea. Mama yako angekuwa hai, angepiga kelele Bwera yote isikie. Wewe nyamaza kwanza, ni kidole moja tu. Kula vizuri, mutoto.

Baba yako