Kupimwa Kwanza

Gaudens mjukuu wangu,

Uji uko kwenye chupa ya chai nyekundu, sukari sijatia. Nimekuacha ulale, mkeo Gladness anakuangalia.

Asubuhi ulipoanguka pale getini na viatu vyako vipya vya mazoezi, ukasema, "Bibi, ni njaa tu." Njaa gani? Jana kichwa kilikuuma ukameza vidonge vyangu vya presha, ati damu yetu ni moja. Mwenyewe hujawahi kupimwa. Chumvi unamwagia kabla hujaonja, usingizi unauchezea na simu, halafu unaniapia utakimbia mpaka Ubungo!

~~Viatu nimevificha, usivitafute.~~ Viatu viko chini ya kitanda changu. Kuficha ni utoto.

Mie nimetangulia zahanati kukushikia foleni. Mje na Gladness, polepole, na vidonge vyangu usiviguse tena. Tukishajua hali yako ndipo tupange hizo mbio.

Usiniambie utapimwa Jumatatu, mume wangu. Baba yako naye aliniahidi Jumatatu, na suti ya kumzikia nikaichagua mie.

Bibi yako