Mgomba Juu ya Kaburi la Mama

Ijuganyondo, Bukoba

Kwako kaka yangu Padre Ildefons,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko parokiani kwako, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tunapumua, ila baba yetu, Taata, hayuko vizuri. Ndiye aliyenituma nikuandikie.

Ziwa halijarudi nyuma. Tangu masika limekalia nusu ya kibanja chetu cha migomba kule Muleba, na kaburi la Mama limo ndani ya maji, unaonekana msalaba tu. Migomba ya upande ule imeanguka yote. Nilimwomba Taata aje kukaa kwangu, akakataa katakata. Alisema maji ya Nuhu yalifunika hata milima, na bado njiwa alirudi na jani bichi. Basi na migomba yetu itachipua, na yeye hamwachi Mama peke yake majini.

Mdomo wangu unaujua. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu wa baiolojia. Nilimwambia mti uliozama miezi yote ile hautoi jani, mizizi inakosa hewa inaoza. Mgomba wetu hauna hata mbegu. Kama dunia nzima ingezama, leo Mhaya angekula nini? Nikaongeza na samaki wetu furu wa ziwani, kwamba maji yangechanganyika na ya bahari, chumvi ingewamaliza. Taata hakubishana. Aliuliza tu, kama Mungu hakuokoa kitu katika maji yale, nani anamhakikishia kwamba atamtoa mama yetu katika haya? Tangu siku ile aliacha kula, akaacha na rozari. Niliumia sana, kaka.

Sasa habari anayotaka uipate ni hii: mgomba umechipua juu ya kaburi. Ameuona mwenyewe akiwa ukingoni, jani kijani kabisa, akalia mbele za watu. Sasa anakula, na rozari ameirudia. Anataka uje usome misa ya shukrani palepale, kwa sababu Mungu amemjibu mwalimu wa baiolojia. Alisisitiza niandike maneno hayohayo.

Kaka, siwezi kukuacha uvae mavazi ya misa bila kujua. Mgomba ule niliupanda mimi. Nilichimba chipukizi kwa jirani yetu mzee Mushumbusi, nikasubiri Taata asinzie mchana, nikaingia majini na kuuchomeka kwenye tope la kaburi. Unaoza, kama nilivyosema utaoza. Kila Jumamosi naenda kuung'oa na kupanda mwingine. Majirani wanajua, wamenyamaza. Ninapopapasa lile tope chini ya maji nalia kama siku tuliyomzika, halafu napanda.

Daktari anasema moyo wa Taata umechoka, na tusitegemee kufika naye Krismasi. Kama nimetenda dhambi, utaniambia wewe, ndiwe padre. Kama huwezi kushukuru juu ya uongo wangu, njoo usome misa ya kumwombea Mama tu, Taata atafurahi vilevile. Ila njoo. Na siku unayokuja unijulishe mapema, nipande mwingine, jani liwe bichi.

Wasalimie mapadre wenzako, na utuombee.

Mimi mdogo wako,
Joviana